Kuunda upya gemu la zamani kama Tomb Raider: anza na chumba kimoja, anza na miguu

Maswali ni yaleyale kila mara. Mmoja anauliza "kaka nataka kuirudia Tomb Raider ya kwanza kwa grafiksi za saivi, nianzie wapi", mwingine anauliza laptopu yake ya RAM GB 4 itaweza, mwingine ana miezi mitatu anachonga uso wa mhusika na huyo mhusika bado hajapiga hata hatua moja. Naandika yote hapa mara moja, mtu akiuliza tena nampa hii.

Nachukua Tomb Raider ya 1996, ile iliyotengenezwa na Core Design pale Derby, Uingereza, kwa sababu ndo gemu ninalolijua hadi usingizini. Mara ya kwanza nililicheza kwenye banda la gemu ambalo halikuwa na memori kadi, kwa hiyo kila siku tukilipa tunaanza upya kwenye mapango ya Peru, popo walewale, mbwamwitu walewale, mpaka hela inaisha. Ile levo ya kwanza nimeirudia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye maisha yangu ya gemu na ndo iliyonifundisha kwamba gemu hili limejengwa juu ya vipimo. Ukivijua vipimo una gemu. Usipovijua una picha nzuri tu.

Ila hatua hizi zinafaa kwa gemu lolote la zamani la kuruka, kupanda, kutafuta funguo na kupigana.

Kwanza tuelewane unataka nini

Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya. Kama unataka tu kulicheza la zamani kwenye kompyuta mpya huhitaji kuunda chochote, kuna injini huria (programu ya wazi inayoendesha gemu) kama TR1X inayotumia mafaili ya gemu halisi ulilonunua, maliza hapo ukacheze. Cha pili ni kung'arisha, kama walivyofanya Aspyr tarehe 14 Februari 2024 walipotoa Tomb Raider I-III Remastered: chini ni gemu lilelile, juu wamevalisha picha mpya, na kwenye kompyuta ukibonyeza F1 unarudi kwenye picha za zamani hapohapo. Cha tatu ni kuunda upya kabisa kama Crystal Dynamics walivyofanya na Tomb Raider: Anniversary mwaka 2007, wakabadilisha mwendo mzima, wakaongeza na kamba ya ndoano ya kubembea.

Mwongozo huu ni wa hicho cha tatu, kwa mtu mmoja, nyumbani, jioni baada ya kazi au shule.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yoyote inayowaka vizuri. RAM GB 8 ni raha, GB 4 inawezekana ukifuata ninavyosema kwenye hatua ya 3.
- Godot toleo la 4, programu ya kutengenezea magemu, ni bure kabisa na faili la kushusha halifiki MB 200 kwa hiyo halimalizi bando.
- Blender, programu ya kuchonga vitu vya 3D, bure pia, ila usiishushe leo. Utaihitaji baadaye sana.
- Gemu lenyewe la zamani, nakala halali. Linauzwa mtandaoni kwa bei ndogo na likishuka bei ni karibu na bure.
- Pedi ya gemu, hata ile ya bei rahisi ya USB. Ukipima kuruka kwa kibodi peke yake utajidanganya.
- Daftari la mraba, lile la hesabu la shule ya msingi. Sio mapambo, ndo kifaa muhimu kuliko vyote kwenye orodha hii.
- Flashi ya kuhifadhi nakala. Mimi niliwahi kupoteza kazi ya wiki sita, umeme ulikatika diski ikafa, na hakuna kitu kilinirudishia ile kazi. Kila jioni nakili folda nzima, andika tarehe kwenye jina lake.

Na jambo la haki za watu: jina Tomb Raider, mhusika wake mkuu Lara Croft, muziki wake na modeli zake vina wenyewe. Kuunda chumba kimoja chumbani kwako ili ujifunze ni kitu kimoja, kukiweka hadharani au kukiuza ni kitu kingine. Kama una ndoto ya kutoa gemu, tengeneza mhusika wako, hadithi yako na jengo lako, ubaki na hisia ya kuruka tu.

Hatua zenyewe

1. Cheza la zamani ukiwa na daftari, usicheze kwa kujifurahisha

Ulimwengu wa Tomb Raider ya kwanza umejengwa kwa maboksi. Kila boksi upande wake mmoja ni vipimo 1024 ndani ya gemu, na urefu wa kwenda juu unapanda kwa robo robo ya boksi, yaani 256. Ukishaliona hili huwezi kuacha kuliona, kuta zote, mashimo yote, ngazi zote ziko kwenye mraba. Ndo maana nikasema daftari la mraba.

Sasa chora chumba, mraba mmoja wa daftari ni boksi moja. Alafu andika Lara anavuka nini:

- Kuruka akiwa amesimama: shimo la boksi 1. Akinyoosha mikono kushika ukingo, boksi 2.
- Kuruka akikimbia: shimo la boksi 2. Akishika ukingo, boksi 3.
- Boksi 4 havuki. Kamwe.

Hiyo "kamwe" ndo inayofanya gemu liwe fumbo. Mchezaji akiona shimo la boksi 4 anajua njia iko kwingine, anaanza kutafuta swichi au ukingo wa pembeni. Kwa hiyo ukikosea kipimo hiki hujakosea kuruka tu, umeharibu mafumbo yote.

Angalia na vitu vidogo. Akitembea polepole kwa kushikilia kitufe cha kutembea hadondoki, anasimama kwenye ukingo. Akiruka hatua moja nyuma kutoka ukingoni anapata nafasi kamili ya kukimbilia, kwa hiyo mchezaji anatembea hadi ukingoni, anaruka nyuma, anakimbia, anabonyeza kuruka mapema na Lara mwenyewe anaruka mguu ukifika pale. Ule utulivu wa kujipanga kabla ya kuruka, ndo gemu lenyewe lile. Iandike.

2. Chagua chumba kimoja

Sio levo, chumba. Gemu zima lina levo 15 kuanzia Peru, Ugiriki, Misri hadi Atlantis na wewe uko peke yako. Chukua kipande cha mapango ya mwanzo: korido moja yenye mishale inayotoka ukutani, chumba kimoja chenye shimo la kuruka, swichi moja, mlango mmoja, popo wawili. Ukikimaliza hicho mpaka mtu mwingine akakicheza na kukipenda, umeshajua asilimia kubwa ya unachohitaji.

Kosa la kawaida: kuanza na yule tirano (dinosaria mkubwa) wa levo ya Bonde Lililopotea kwa sababu ndo kila mtu anamkumbuka. Namuelewa anayetaka hivyo, hata mimi moyo ulinienda mbio siku ile anatokea gizani. Lakini yule mnyama anatisha kwa sababu umeshatembea levo mbili nzima ukiua popo na mbwamwitu, bila hizo levo ni modeli kubwa tu inayokimbia.

3. Jenga chumba kwa maboksi ya kijivu

Fungua Godot, anzisha mradi mpya, na pale inapokuuliza aina ya uchoraji chagua Compatibility. Hiyo ndo inayokubali kompyuta dhaifu na za zamani. Watu wa RAM GB 4 wengi wanakwama hapa, wanabaki na ile nzito alafu wanasema Godot mbaya.

Ongeza GridMap, kifaa cha Godot cha kupanga maboksi kwenye mraba. Uzuri ni kwamba boksi lake tangu mwanzo ni mita 2 kwa 2 kwa 2, kwa hiyo tukubaliane boksi moja la gemu letu ni mita 2. Hamisha mchoro wako wa daftari kama ulivyo. Rangi ni kijivu tu, ukingo unaoshikika weka rangi ya chungwa. Hamna mawe, hamna majani, hamna mwanga wa kuvutia. Ukishindwa kuvumilia kijivu kwa wiki mbili mradi huu utakushinda kwenye hatua nyingine, bora ujue sasa.

4. Miguu

Hapa ndo pa kukaa. Kaa hata mwezi.

Mhusika awe CharacterBody3D (mwili wa Godot unaosogezwa kwa kodi) mwenye umbo la kidonge, urefu mita 1.8. Mvutano wa Godot wa kawaida (nguvu inayomvuta mhusika chini) ni 9.8 na kwa gemu la kuruka unamfanya mtu aelee kama puto, kwa hiyo tunaweka wetu. Namba zangu baada ya majaribio mengi ni hizi:

```
const MVUTANO = 15.0
const KURUKA = 6.0
const MBIO = 5.5
const KUSIMAMA = 3.5

func _physics_process(delta):
    if not is_on_floor():
        velocity.y -= MVUTANO * delta
    move_and_slide()
```

Piga hesabu uone kwa nini zinafanya kazi. Kasi ya kwenda juu 6 gawa kwa mvutano 15 ni sekunde 0.4 kufika kileleni, kwa hiyo yuko hewani sekunde 0.8. Akikimbia kwa 5.5 anaenda mita 4.4, shimo la boksi 2 ni mita 4, anavuka na kabaki kadogo. Akiruka amesimama, 3.5 mara 0.8 ni mita 2.8, anavuka boksi 1. Sasa akinyoosha mikono, miguu inaweza kushuka mita 2 chini ya ukingo na mikono bado ikashika, hapo muda wa hewani unafika kama sekunde 1.05, anaenda karibu mita 5.8, ongeza nusu mita ya mikono iliyo mbele ni 6.3. Boksi 3 ni mita 6. Anafika. Boksi 4 ni mita 8, hafiki hata afanyeje. Yaani sheria zote za 1996 zimerudi kwa namba nne.

Ukitaka kubadilisha urefu au kasi badilisha, ila rudia hesabu hii yote kila ukibadilisha namba moja. Zinashikana.

5. Kushika ukingo

Tumia RayCast3D mbili, mistari isiyoonekana inayopima kama inagusa kitu. Ya kwanza inatoka kifuani kwenda mbele, inauliza kuna ukuta? Ya pili iko mbele juu ya kichwa inaangalia chini, inauliza ukuta unaishia wapi? Zote zikipata jibu, na mhusika anashuka sio anapanda, na mchezaji ameshikilia kitufe cha kushika, mgandishe pale, sifuri kasi yote, msogeze mikono ilingane na ukingo.

Swali ninaloulizwa: mchezaji ashikilie kitufe au mhusika ashike mwenyewe? La zamani ni kushikilia. Wachezaji wa saivi wamezoea kushika kwenyewe. Mimi naweka kwenye mipangilio yote mawili, ila nikilazimika kuchagua moja nachagua kushikilia, kwa sababu kile kitufe kinamfanya mchezaji awe na mkono wake pale ukutani.

6. Kontroo, ya zamani na ya sasa

La zamani kushoto na kulia ni kuzungusha mwili, mbele ni mbele ya mhusika. Kijana wa leo anataka akisukuma kulia mhusika aende kulia kwa skrini. Weka zote mbili, usibishane na mtu.

Tatizo ni kwamba ya kisasa inategemea kamera ilipo, na kamera ikisogea kidogo mhusika anapinda katikati ya kukimbilia shimo, anakufa, na mchezaji hana kosa. Dawa: akishaanza kukimbia kuelekea ukingo, mwelekeo ufungwe mpaka mchezaji mwenyewe asogeze kijiti kwa wazi. Akiwa hewani usimruhusu kugeuka kabisa. Na usimnyime kuruka pembeni na kuruka nyuma, hizo ndo zinamuokoa na mbwamwitu, ziwekee kitufe chake.

Alafu msamaha. Mpe sekunde 0.1 ya kuruka hata baada ya miguu kuacha ukingo, na akibonyeza kuruka sekunde 0.12 kabla hajatua, ikumbuke umrushe akitua. Mchezaji hataona, ataona tu kwamba gemu linamsikiliza. Usizidishe hapo, ukimpa 0.3 mchezaji anavuka mbali kuliko ulivyopima na hesabu yako ya hatua ya 4 imekufa.

7. Kamera

SpringArm3D (mkono unaobeba kamera) nyuma ya mhusika, urefu mita 3.5, ikigusa ukuta inajikunja yenyewe. Swichi ikivutwa, kamera iende sekunde mbili ikaonyeshe mlango uliofunguka. Usiiondoe hiyo ukidhani ni uzamani, bila hiyo mtu anazunguka nusu saa.

8. Popo na bastola

Lara analenga mwenyewe, mchezaji kazi yake ni kuruka huku na huku. Iache hivyo. Ukiweka kulenga kwa msalaba katikati ya skrini umehamia gemu la aina nyingine na mchezaji atasimama badala ya kuruka. Risasi za bastola haziishi, hiyo pia iache.

9. Kusevu

Kwenye PlayStation ya zamani ulikuwa unasevu kwa fuwele za buluu zilizowekwa mahali maalum, kwenye kompyuta unasevu popote. Mtu mzima wa leo ana dakika 20 kabla mtoto hajaamka, mpe kusevu popote, na uongeze sehemu za kurudia kabla ya kila kuruka kugumu. Andika kwenye user:// (folda ya mchezaji) sio kwenye folda ya mradi, la sivyo ukishatoa gemu kusevu hakutafanya kazi.

10. Sasa picha

Umefika. Shusha Blender. Badilisha maboksi kwa mawe kidogokidogo, na umbo la kugusa libaki ni lile boksi la kijivu chini yake, usiliguse.

Tahadhari kubwa ni mwanga. Picha za zamani zilikuwa na mwanga wa juujuu, kila kitu kinaonekana, na swichi ukutani unaiona. Ukiweka vivuli vya kweli pango linakuwa pango kweli, giza, na swichi inapotea. Hata kwenye ile iliyong'arishwa ya 2024 wachezaji wengi walikuwa wanarudi kwenye picha za zamani ili waone kitu cha kuokota kilipo. Jaribu hivi: piga picha ya skrini, ifanye nyeusi na nyeupe, mpe mtu ambaye hajalicheza akuonyeshe njia ya kutokea. Asipoiona ongeza mwanga pale, hata kama mwanga huo hauna sababu ya kuwepo.

11. Sauti

Muziki wa Nathan McCree kwenye gemu lile unakuja mara chache sana. Muda mwingi ni nyayo, maji, upepo. Alafu unaingia ukumbi mkubwa na muziki unapanda na mwili unasisimka, na unasisimka kwa sababu ulikuwa umekaa kimya dakika kumi. Usijaze muziki kila mahali. Nyayo zirekodi mwenyewe kwa simu kwenye changarawe, zinatoka vizuri sana.

12. Mpe mtu acheze, wewe ufunge mdomo

Wawili watatu, mmoja awe hajawahi kuligusa la zamani. Kaa nyuma yake, usimwambie kitu hata akikwama. Andika kila alipokufa, na pembeni andika kama alijilaumu yeye au alililaumu gemu. Akisema "aah nimechelewa" iache. Akisema "mbona nimebonyeza!" rudi hatua ya 6.

Mambo yanayokwama mara nyingi

*Mhusika anapita sakafuni.* Boksi lako kwenye GridMap halina umbo la kugusa. Kwenye maktaba ya maboksi hakikisha kila moja lina StaticBody3D (mwili usiosogea, wenye umbo la kugusa) ndani yake kabla hujaitoa.

*Kwangu anaruka vizuri, kwa rafiki anaruka mbali zaidi.* Umeandika mwendo kwenye _process (inayofuata kasi ya fremu za kompyuta) badala ya _physics_process (inayokwenda kwa saa yake thabiti), tena pengine umesahau kuzidisha na delta (muda uliopita tangu hatua iliyotangulia) kwenye mvutano. Usizidishe velocity na delta kabla ya move_and_slide, yenyewe inafanya hiyo kazi, ukizidisha mara mbili atatambaa.

*Picha inatetemeka akikimbia.* Kamera na mhusika vinasogezwa kwa saa mbili tofauti. Zote ziweke kwenye _physics_process.

*Hashiki ukingo wakati mwingine.* Mara nyingi ile RayCast ya juu inaanzia ndani ya ukuta. Irudishe nyuma kidogo na uipandishe. Kama anashika akiwa bado anapanda, umesahau sharti la kwamba awe anashuka.

*Anavuka shimo la boksi 2 leo, kesho havuki.* Hujafunga sehemu ya kurukia. Fanya kama la zamani, akibonyeza kuruka huku anakimbia subiri mguu ufike ndo aruke, au mrushe papo hapo ila umpe ule msamaha wa 0.1. Moja kati ya hizo, sio zote.

*Laptopu inachemka mpaka inazima.* Hakikisha ni Compatibility, punguza taa zenye vivuli zibaki mbili, na kwenye mipangilio weka kikomo cha fremu 60. Feni safisha pia, vumbi la huku linaua.

*Pedi haisomi.* Kwenye Input Map (orodha ya vitufe ya Godot) umeweka kibodi tu. Kila kitendo kiongezee kitufe cha pedi na kijiti, na kijiti kipe eneo la kutosikia la 0.2, pedi za bei rahisi vijiti vyake havikai katikati.

*Nimefika hatua ya 10 na gemu limekuwa zito kucheza kuliko lilivyokuwa kijivu.* Fungua nakala ya flashi ya siku ya mwisho ya kijivu, cheza zote mbili moja baada ya nyingine kwa pedi ileile. Karibu kila mara utakuta jiwe fulani zuri umelipa umbo lake la kugusa na miguu inakwama humo. Liondolee.